Mnunuzi Aliyeujua Mlango wa Jikoni

Mkono wa mnunuzi ulikuwa bado kwenye kitasa, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wapo waliolikunja gazeti wakanisema vibaya. Wenye haki ya kununa ni wawili tu. Wa kwanza ni Dalali, aliyekuwa ameusukuma mlango ule mpaka shati likamganda mgongoni. Wa pili ni Kitinda, binti wa mwisho wa nyumba hii, aliyebaki uani macho yamemtoka pima.

Maana mlango ule haumfungukii mgeni. Umekaa vibaya kwenye bawaba tangu Kitinda hajazaliwa. Lazima uuinue kidogo, uusukume hapo hapo, ndipo uachie. Na huyu bwana wa viatu vyeupe vya raba, aliyetuapia wote kwamba kijiji hiki hajawahi kukikanyaga, alimsogeza Dalali kwa upole, akauinua, akausukuma, ukafunguka bila hata kulia.

"Umejuaje?" Kitinda akauliza.

"Nimejua nini, dada?"

"Kuuinua."

Viatu Vyeupe akakitazama kitasa kama vile kimemsaliti. "Milango ya zamani yote iko hivyo."

"Yote ya wapi?"

"Dada, mteja hahojiwi!" Dalali akadakia, akijifuta jasho. "Karibu ndani, bosi. Hili jiko lina nafasi kubwa sana ya kufanywa la kisasa!"

Dalali akikwambia nyumba ina nafasi kubwa ya kufanywa ya kisasa, ndugu msomaji, tazama juu. Utaona anga kupitia kwenye bati.

Kwa wewe ambaye gazeti hili limekufikia leo likiwa limefungiwa sabuni, mambo yako hivi. Nyumba ni ya Mama. Mama alivunjika mguu, akapelekwa mjini kwa Kaka Mkubwa akauguzwe. Tangu hapo habari zake zote zinapita kwenye mdomo mmoja, mdomo wa Wifi, mke wa Kaka Mkubwa. Na kwenye mdomo huo ndimo lilimotoka neno kwamba Mama amekubali nyumba iuzwe.

Kaka Mkubwa ni dereva wa malori ya masafa, nyumbani kwake anafika kama mgeni. Alichoambiwa na mkewe amekiamini. Kitinda hakuamini. Yeye ni fundi cherehani, cherehani yake iko pale sebuleni dirishani, na ndiye aliyebaki kuilinda nyumba. Baba kabla hajafa alisema mbele ya ukoo mzima: nyumba hii haiuzwi mpaka mtoto wa mwisho aweke mkono wake kwenye karatasi. Leo wamekuja kuuchukua huo mkono. Akiuweka, Kitinda anatoka na cherehani kichwani, na Mama hana tena pa kurudi.

Sasa tuingie ndani, tumewaacha peke yao muda mrefu.

Kitinda akaacha maswali. Alivaa sura ya ukarimu. Lakini moyoni alishaamua kwamba huyu mnunuzi ni mwongo, na mwongo hakamatwi kwa maswali.

"Karibu unawe mikono, kaka yangu," akamwambia. "Vumbi la safari hilo."

Bomba la jikoni lilifungwa na Baba mwenyewe, na Baba hakuwa fundi bomba. Alilifunga kinyume. Ukitaka maji unazungusha kama unayafunga. Wageni wote hulizungusha upande wa kawaida, wakaona kimya, wakasema maji yamekatika. Dalali amekuja hapa mara kadhaa na mpaka leo anawaambia wateja kwamba maji yanakuja kwa zamu.

Viatu Vyeupe akazungusha kinyume. Maji yakatoka.

Akanawa vizuri, akafunga, akaomba kitambaa.

"Mama yangu!" Dalali akashangaa. "Kumbe maji yapo!"

Kitinda akampa kitambaa.

"Na bafu hujaliona," akasema. "Bila kuona bafu hujaona nyumba."

Wakaingia kwenye korido, Dalali mbele, amebeba kwapani lile bango jipya alilokuja nalo, limeandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA INAUZWA. Nyuma yake Kaka Mkubwa, mwili wa dereva, amejaza korido yote. Nyuma Viatu Vyeupe. Wifi akafuatia akipiga hesabu ya kuta zipi zitavunjwa.

"Hapa unabomoa," anasema. "Hapa unaweka vioo. Hii korido yenyewe ya nini? Nyumba za siku hizi hazina korido."

"Za siku hizi watu wanapita wapi, wifi?" Kitinda akauliza. "Dirishani?"

Kabla Wifi hajajibu, kukasikika kishindo. Dalali alikuwa amefungua mlango wa bafu, akaingia, na chini hapakuwepo. Sakafu ya bafu iko chini kuliko ya korido, kwa kidato kimoja kilichokaa gizani. Bango likaenda huku, kofia kule, na Dalali akajikuta ameikumbatia ndoo.

"Nimeumia!" akapiga kelele. "Niko hai, lakini nimeumia!"

Kaka Mkubwa akacheka, akaingia kumwinua. Naye akakikosa kidato. Akamwangukia Dalali, na Dalali akaomba asaidiwe tena.

Kitinda hakucheka. Alikuwa anatazama viatu.

Viatu vyeupe vilifika kwenye mlango wa bafu vikasimama. Mkono wa kulia ukaenda wenyewe ukutani, ukalishika bomba la maji linaloshuka kutoka kwenye tangi, pale pale lilipochubuka rangi kwa kushikwa. Mguu wa kushoto ukashuka kwanza. Ukatulia. Kisha wa kulia. Bwana yule alikuwa ndani ya bafu, anamwinua Kaka Mkubwa, na wala hakuangalia chini.

"Kidato hiki cha lini?" Kaka Mkubwa akafoka, anajishika goti. "Mbona sikijui?"

"Utakijuaje, kaka? Bafu hili limejengwa umeshahama, na ukija hapa huogi. Unasema maji yana chumvi." Sauti ya Kitinda ikakatika. "Ndicho kilichomvunja Mama hicho."

Kaka Mkubwa akakitazama kidato, akaona aibu, maana habari ya kuvunjika kwa mama yake aliipokea kwenye simu akiwa njiani, na hakuwahi kuja kuangalia alipoangukia.

Ndipo Kitinda akamgeukia mgeni.

"Kaka yangu, wewe siyo mara yako ya kwanza humu ndani."

"Ni mara ya kwanza, dada."

"Mlango unaujua. Bomba unalijua. Kidato mtoto wa nyumba hakijui, wewe unakijua. Nani alikuingiza humu? Lini? Mimi nilikuwa wapi?"

"Naapa sijawahi kuingia."

"Basi wewe ni jini."

"Punguza sauti," Kaka Mkubwa akasema, lakini naye alianza kumtazama yule bwana kwa jicho la pembeni. Halafu jicho hilo likahama, likatua kwa dada yake. "Au ni wewe umemleta?"

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayekaa humu. Kama kaingia, nani kamfungulia? Pengine mmeshapatana. Anajifanya mnunuzi, anaponda bei, ananunua, na wewe unabaki humu humu unatucheka!"

"Na mimi nilikuwa nimenyamaza," Wifi akasema kwa upole, ule upole wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Sikutaka kusema mbele ya wageni. Lakini mwanamke anayekaa peke yake, mwanamume anayejua mpaka bafu lake... Wifi, ungetuambia tu. Tungekuja na zawadi."

Kitinda alihisi damu inampanda kichwani. Kama angekuwa na mkasi wake mkononi, mfululizo huu ungeishia hapa na mimi ningetafuta kazi nyingine.

"Mimi simjui huyu mtu!" akasema.

"Na mimi simjui huyu dada," Viatu Vyeupe akasema. Alisema taratibu, akimtazama Wifi badala ya Kitinda. "Ninyi endeleeni kuzungumza. Mimi nasikiliza."

Mnunuzi gani huyo, aliyekuja kusikiliza?

Wakarudi jikoni, kila mmoja akimpisha mwenzake apite mbele. Kupitia dirisha la jikoni gari la mgeni lilionekana nyuma ya uwa, kwenye kivuli cha ukuta. Vioo vimepandishwa, vimeachwa upenyo wa kupitisha vidole. Alipofika alisema mke wake amechafukwa na safari, asisumbuliwe. Dalali alipotaka kwenda kumsalimia tu, mgeni alimshika mkono akamrudisha, na hakumshika kwa utani. Kitinda alikuwa ameliona hilo pia, akaliweka moyoni.

"Tumalize," Wifi akasema, akausukuma ule mlango wa jikoni ukafungika. "Mgeni ameona nyumba. Kilichobaki ni wifi yangu kuweka mkono. Mama anasubiri."

"Nipigie nizungumze naye."

"Amelala."

"Jana amelala, wiki iliyopita amelala, juzi anaoga. Wifi, mtu akilala hivyo si huwa anazikwa?"

"Mama hataki kuzungumza na wewe!" Sasa upole ulikuwa umekwisha. "Nimekuficha vya kutosha. Alisema hataki kukuona mpaka uweke mkono. Alisema unamng'ang'ania nyumba kama vile ameshakufa. Ndivyo alivyosema, ulitaka nikwambie!"

Kitinda akarudi nyuma mpaka akaegemea meza. Maneno hayo alishayasikia kwenye simu, na kila alipoyasikia alilia peke yake juu ya nguo za watu. Aliogopa yawe ya kweli. Huyu ndiye mtoto aliyemwogesha Mama, aliyembeba mgongoni mpaka barabarani siku alipovunjika. Kama kweli Mama amemchoka, nyumba ya nini?

Akautazama ule mlango uliofungwa.

Halafu akanyooka.

"Kaka," akamwambia kaka yake. "Baba alikuwa anaufunguaje mlango huu?"

"Maswali gani hayo sasa?"

"Nijibu tu."

"Kwa bega," Kaka Mkubwa akasema. "Nyumba nzima inatikisika."

"Na wewe?"

"Mimi teke. Nimechapwa kwa ajili ya hilo teke mpaka basi."

"Mimi naingiza kisigino chini, nanyanyua. Kila mtu na wake, sivyo?" Akamgeukia Viatu Vyeupe. "Kaka yangu, naomba uufungue tena. Vile vile ulivyoufungua mara ya kwanza. Sitakuuliza kitu."

Mgeni akasita. Halafu akaonekana kama mtu aliyekuwa akilisubiri ombi hilo. Akauendea mlango. Akapitisha kidole kidogo tu kwenye kitasa, kama mtu ambaye vidole vingine vimebeba kitu. Akakivuta juu. Akasogeza nyonga ya kulia, akaupiga mara moja, dhub, na mara ya pili taratibu. Ukaachia, akauvuta kwa kidole kile kile, ukafunguka. Akaurudishia.

Kaka Mkubwa alikuwa amepigwa na butwaa.

"Hivyo..." akasema. "Hivyo ni Mama."

"Ni Mama," Kitinda akasema. "Mama hajawahi kufika kwenye huu mlango mikono mitupu. Beseni, ndoo, mtoto. Anafungua kwa kidole na nyonga. Hakuna mtu mwingine duniani anayeufungua hivyo. Huyu hajafundishwa na mimi, kaka. Wala hajafundishwa na wewe. Amefundishwa na Mama mwenyewe, na kwa vile anavyolishika lile bomba la bafuni, amefundishwa na Mama akiwa na mguu mbovu."

Wote wakamgeukia mgeni. Isipokuwa Wifi. Wifi alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba wake, na hakuwa anakipata.

"Mimi siyo mnunuzi," Viatu Vyeupe akasema.

"Nini?" Dalali akaruka. "Bosi, usinifanyie hivyo!"

"Kazi yangu ni kuwafundisha waliovunjika kutembea tena, pale hospitali. Na mtu humfundishi kutembea hewani. Unamuuliza nyumbani kwake kukoje. Unachora sakafuni kwa chaki: hapa jikoni, hapa korido, hapa kidato kilichokuangusha. Mama yenu nimempitisha kwenye nyumba hii mpaka naiota usiku. Kila siku tulikuwa tunafungua mlango wa jikoni ambao haupo. Yeye nyonga, mimi nyonga. Wagonjwa wengine walikuwa wanakuja kututazama na kucheka."

Kitinda akaziba mdomo. Machozi yalikuwa yameshatoka. Mama alikuwa anajifunza kurudi nyumbani.

"Halafu akaacha kuja," bwana yule akaendelea. "Nikaambiwa kwa simu amesafiri. Mgonjwa anayetembea kwa fimbo, amesafiri kwenda wapi? Nikamtafuta."

"Mama yuko kwangu," Kaka Mkubwa akasema. "Yuko kwangu, chumba cha nyuma."

Alivyolisema neno hilo, akajisikia mwenyewe. Akamgeukia mkewe.

"Si ulisema yuko chumba cha nyuma? Juzi nimefika, mlango umefungwa, ukasema nisimwamshe. Nikaondoka sijamwona." Sauti ikaanza kushuka. "Mke wangu. Mara ya mwisho mimi kumwona mama yangu ni lini?"

Wifi akaufunga mkoba.

"Kwa hiyo huyu mtu wa barabarani ndiye wa kuaminiwa?" akasema. "Amekuja kwa uongo, amekula kiapo cha uongo, amejiita mnunuzi na mnunuzi siye. Mimi ndiye niliyemuuguza mama yako. Mimi! Wewe uko kwenye lori, na huyu yuko kwenye cherehani. Nani aliyemwosha? Nani aliyempikia? Leo ndiyo mnahesabu mara ya mwisho?"

Lilikuwa na ukweli ndani yake neno hilo, na Wifi anajua kuuchanganya ukweli na kitu kingine mpaka usiweze kuvitenganisha.

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Yuko kwa dada yangu, anapumzika. Kuna ubaya?"

"Hayuko," Viatu Vyeupe akasema.

Uso wa Wifi ukabadilika rangi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama yule bwana machoni.

Dalali ni mtu wa kazi yake. Familia inapasuka, yeye anaona soko linapotea. Akaliokota bango lake, akachomoa nyundo mfukoni.

"Wapendwa, ninyi malizeni mambo ya nyumbani. Wateja ninao wengine, wazuri, hawana maneno mengi. Mimi nalipigilia hili ukutani, watu walione."

"Hupigilii kitu!" Kitinda akamrukia.

"Dada, nimelipia rangi!"

"Lete hapa!"

Wakavutana. Dalali anavuta huku, Kitinda anavuta kule, kiti kikaanguka, na fundi cherehani, aliyekanyaga pedeli maisha yake yote, alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko Dalali alivyodhani. Bango likamtoka Dalali mikononi pamoja na nyundo. Kitinda akabaki navyo katikati ya jiko, bango amelikumbatia kifuani, maandishi mekundu yametazama mbele, nyundo mkononi, anahema.

"Huyu mtu alisema amekuja kusikiliza," akasema, akimgeukia Viatu Vyeupe. "Kusikiliza nini? Nani amekutuma?"

"Aliyenituma alitaka kujua kitu kimoja tu. Nani kati yenu anauza."

"Nani huyo?"

Bwana yule akageuza kichwa. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

Kwa nje, kwenye uwa, kulikuwa na hatua. Hatua, fimbo. Hatua, fimbo. Zilikuja polepole, zikasimama.

Kitasa kikapanda juu kidogo.

Dhub.

Kitinda alitaka kukimbia akaufungue, lakini bwana yule alimzuia kwa mkono. "Mwache," akanong'ona. "Mwache afungue mwenyewe."

Dhub ya pili ikaja, taratibu.

Mlango ukafunguka, na Mama akawa amesimama kizingitini. Amekonda. Kanga ni ile ile. Mguu wa kushoto ulikuwa unatetemeka, lakini ulikuwa umesimama. Alimpita Kaka Mkubwa kwa macho kama vile ni kabati. Alimpita Wifi. Macho yake yakafika kwa mtoto wake wa mwisho, yakashuka kwenye lile bango kifuani, yakasoma herufi moja moja, yakaiona nyundo.

"Mama!" Kitinda akasema.

"Kwa hiyo ni kweli," Mama akasema. Midomo ilikuwa inamcheza. "Niliapa si wewe. Nimekaa kwenye gari naapa si wewe. Mwanangu, mimi nilikukosea nini, hata uniuzie nyumba yangu nikiwa hai?"

Kitinda akalitupa bango chini, ajieleze.

Lakini mtu mmoja jikoni mle alimtangulia. Alipita mbele ya mumewe, akaenda mpaka mlangoni, akampokea Mama mkono kwa adabu zote, akamwegemeza begani kwake.

"Si nilikuambia, Mama?" Wifi akasema.